Kwani Mwenye Nyumba Hakujipaka Mafuta?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Niliwatungia wanafunzi wangu kifungu cha ufahamu, na ndani yake mna sentensi hii: "Mgeni aliingia bila ya hodi mpaka ukumbini, na mwenye nyumba alipomuona akapauka uso." Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwani mwenye nyumba hakujipaka mafuta?" Darasa zima likacheka. Nikamwita mjuvi, nikamwambia akae. Nilipofika nyumbani neno lake halikuniacha, nikafungua kamusi. Kwenye adabu nikakuta heshima, kwenye heshima nikakuta adabu na staha, kwenye staha nikakuta haya, kisha nikarudishwa kwenye heshima. Naomba unieleze: kupauka kunafaa kwa mtu aliyeshtuka? Na haya maneno ya adabu yana tofauti, au ni neno moja lililovaa nguo nne?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu.

Kijana wako kasema kweli, ingawa namna aliyoisema ni jambo jengine na tutalifikia. Pauka ni neno la ngozi kavu. Mtoto akitoka kuoga pwani akakaukia juani, chumvi ikamganda miguuni, huyo kapauka. Asubuhi kabla ya skuli mama humwita, "Njoo hapa, miguu imekupauka," akamshika mkono mmoja na kwa mkono wa pili akampaka mafuta ya nazi mpaka magoti yakang'ara. Rangi ya kupauka ni ya majivu, haina uhai, na haiji kwa dakika moja. Inataka jua, inataka upepo, inataka siku mbili tatu bila ya mafuta. Sasa wewe umemtia mwenye nyumba mpauko kwa kufumba na kufumbua. Mwanafunzi kaona kile anachokiona kila siku kwenye miguu yake mwenyewe, akauliza alichouliza.

Nadhani najua sentensi yako ilikotoka, maana na mimi nimewahi kuiandika. Imetoka kwenye hadithi za Kizungu, ambamo mtu akipata hofu uso hugeuka mweupe. Kwa mwili, jambo hilo ni la kweli na ni la watu wote: mtu akitishika, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hujikaza, damu ikapungua usoni. Tofauti ni macho ya mtazamaji. Kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, weupe ule hauonekani. Pengine utaona midomo imekuwa na rangi ya kijivu na jasho limetokeza juu ya paji la uso. Lugha hutaja kinachoonekana na wenyewe. Sisi tunaona jasho, mate yaliyokauka na macho yaliyomtoka mtu, basi maneno yetu ya hofu yamekaa huko: kijasho chembamba kikamtoka, mate yakamkauka, akabaki kama aliyemwagiwa maji.

Tena liko jambo jengine linalotuzuia tusiseme kwamba uso wa mwoga umekuwa mweupe, nalo tulilipata chuoni, tulikosomea Kurani. Wengi wetu tulifundishwa kutia udhu na maalim amesimama juu yetu, na tulipofika kwenye uso tulisoma dua ya kumuomba Mwenyezi Mungu auweke mweupe uso wetu siku nyuso zitakapokuwa nyeupe na nyengine zitakapokuwa nyeusi. Maneno hayo yamejengwa juu ya aya ya 106 ya Surat Aal-Imran. Na katika Surat An-Nahl, aya ya 58, mtu aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike, asiyempenda, uso wake hugeuka kuwa mweusi kwa ghadhabu anayoizuia. Mtoto aliyeipokea rangi namna hiyo, mara tano kwa siku kwenye bomba la msikiti, weupe wa uso kwake ni furaha na kuokoka. Ukimwambia fulani uso ulimgeuka mweupe, atauliza amefaulu mtihani gani.

Umeniuliza mambo mawili, Mwalimu, na umeyaandika kama kwamba hayajuani. Mimi nayaona ni jambo moja, kwa sababu kwa Waswahili makao ya adabu ni usoni. Wazee walisema uso umeumbwa na haya. Hebu tuanze na hilo neno haya, kisha utaona kamusi zako kwa nini zinakuzungusha.

Haya ni Kiarabu, ḥayā', na maana yake huko na huku haikuachana sana: ule mgandamizo wa moyo unaomfanya mtu ainamishe macho. (Si lile "haya!" la kuhimiza watu, wala si "haya" ya maneno haya, matatu hayo yamekutana njiani tu.) Staha nayo imetoka mlango huohuo. Kwa Kiarabu istaḥā ni kuona haya. Waliosoma zile Hadithi Arubaini za Mtume alizozikusanya Imam Nawawi wataikumbuka ya 20, inayosema usipoona haya fanya utakalo. Kitenzi kilichomo mle, tastaḥi, ndicho hicho kilichotuzalia sisi kustahi na staha. Sasa njoo kwenye heshima. Ungedhani hili ni neno la ukubwa na vyeo. Asili yake, ḥishma, kwa Kiarabu ni haya vilevile, kujisitiri, kutojiachia mbele za watu. Basi maneno matatu katika manne uliyoyataja yalianza safari yakiwa na maana moja, nayo ni haya. Kamusi haikukosea kukuzungusha. Imekosea kutokukwambia kwamba yalipofika visiwani kila moja lilipata kazi yake.

Kazi hizo utazijua kwa kuvitazama vitenzi. Hii ndiyo njia ninayoitumia mimi kila nikikwama: usiliulize jina maana yake, liulize linafuatana na nani. Haya huonwa. Tunasema anaona haya, anafanya haya, kaingiwa na haya. Ni jambo la ndani ya mtu linalopanda usoni, na hakuna mtu anayeweza kukupa haya yake ukaondoka nayo. Heshima hupewa, hutunzwa, na huvunjwa. Nimempa heshima yake, kanivunjia heshima, kajivunjia heshima mwenyewe. Ni chombo kama mtungi: unacho, lakini kimo mikononi mwa watu, na akikiangusha mmoja kimevunjika hata kama wewe hukufanya kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na heshima kubwa mtaani naye hana haya hata chembe, na msichana mwenye haya nyingi anaweza kuvunjiwa heshima kila siku.

Staha imekaa baina ya hayo mawili na ndiyo ngumu kuliko yote kuifasiri. Angalia kitenzi chake. "Namstahi mamake." Mtu anayesema hivyo ana neno kali mdomoni, na mtoto wa yule mama anastahili kuambiwa, lakini analimeza kwa ajili ya mama. Kustahi ni kuzuia mkono au ulimi usimtie mwenzako katika hali ya kuona haya. Haya unajionea mwenyewe. Staha unamuonea mwenzio. Ukipita barazani ukamkuta mzee kasinzia kinywa wazi, ukapita kimya bila ya kumuamkia ili asishtuke akajua kuwa umemuona, hapo umetumia staha. Adabu peke yake ingekwambia umpe shikamoo.

Na adabu? Hilo ndilo neno pekee katika manne lisilotoka kwenye haya. Adab ya Kiarabu ni malezi, mafunzo na uzuri wa mwenendo, na Waarabu wakaitumia mpaka kwa fasihi, kwa kuwa mtu aliyelelewa vizuri hutarajiwa ajue maneno mazuri. Kiswahili hakikuchukua tawi hilo la fasihi. Kilichukua malezi, tena na bakora yake. Vitenzi vya adabu ni kutia, kushika na kukosa. Adabu hutiwa kama chumvi kwenye mchuzi, kwa maana haikuwamo. Mtoto hazaliwi nayo. Na "kumshikisha mtu adabu" hakuna anayedhani ni kumfundisha kula kwa mkono wa kulia, ni kumkomoa. Hapo adabu inasimama jirani kabisa na adhabu, hata baadhi ya watu hudhani ni neno moja lililopindwa. Siyo. Adhabu ni 'adhāb, mateso, ina mzizi wake mbali. Ila ujirani wa sauti umefanya kazi yake, na ukiwasikiliza wazee waliosoma chuo cha bakora utaona hawakuona haja ya kuyatenganisha.

Adabu basi ni mambo yanayofundishika na kuhesabika: kuamkia, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako usivuke sinia kwenda kutafuta mnofu upande wa mwenzako, kuinama kidogo unapopita mbele ya waliokaa, kutomruka mtu miguu. Na kupiga hodi. Hodi kwa watu wa visiwa hivi ni mila na ni dini pamoja: Surat An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na muwasalimie wenyewe, na Mtume ameelekeza iwe mara tatu, usipojibiwa urudi. Kwa hiyo mgeni wa kifungu chako alikosa adabu, hilo halina mjadala. Je, alikosa haya? Hatujui bado. Labda aliingia kwa haraka, mtu wake anaumwa. Alimvunjia mwenye nyumba heshima? Itategemea nani mwengine alikuwepo ukumbini akiona. Unaona namna maneno yanavyoachana ukiyapa kazi?

Nikae kidogo kwenye heshima, kwa sababu kwenu Pemba neno hili lina historia ambayo kamusi haiwezi kuibeba. Zamani za masultani heshima ilikuwa ni mali ya mtu mwenye nasaba, mashamba na watu chini yake. Muungwana maana yake ya kwanza haikuwa mtu mwema. Ilikuwa ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Amri ya mwaka 1897 ilipoifuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, watu ambao hesabu ile ya heshima haikuwatambua walianza kuidai kwa njia zao. Walivaa kanga, na baadaye buibui. Walipeleka watoto chuoni, walijenga, walilima mikarafuu, wakalipa madeni yao mbele ya watu. Mwanahistoria Elisabeth McMahon ameichunguza Pemba ya miaka hiyo, na anaonyesha jinsi heshima ilivyohama, ikatoka kwenye ukubwa wa mtu na asili yake ikaja kwenye mwenendo wake mbele ya majirani. Uungwana nao ukafuata njia hiyohiyo, hadi leo tunasema muungwana ni kitendo na hakuna anayeulizwa babu yake alikuwa nani. Sasa isikilize upya ile methali ya heshima si utumwa. Bara naisikia ikitumiwa kwa wepesi, kumwambia kijana asione tabu kumuamkia mkubwa. Katika kisiwa kilichokuwa na watumwa kwelikweli, mtu wa kwanza kuisema alikuwa anajua anachokipima.

Ustaarabu utauacha? Wanafunzi wako watauliza. Kwa Kiarabu ista'raba ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu, na neno liliingia mjini wakati ambao jambo hilo lilikuwa na faida zake. Wako wasemaji wanaolikataa leo kwa sababu hiyo. Mimi nalitumia, lakini silitumii darasani bila ya kusema lilikotoka.

Maneno ya mdomoni yana utamu wake, ila nitapita mbio. Ahsante ni "umefanya vyema". Samahani ni "nisamehe". Kunradhi ni "kuwa radhi", na nasikitika kuona linaachiwa wazee. Starehe, ambalo siku hizi ni muziki na vinywaji, lilikuwa neno la adabu kamili: mtu akiingia, waliokaa wakitaka kuinuka kwa ajili yake, huwahi kusema "Starehe!", yaani tulieni, msisumbuke. Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, analieleza kwa maana hiyo. Lakini ninalolipenda kuliko yote ni tafadhali, kwa sababu ya ndugu yake. Tafadhali inatoka kwenye faḍl, wema wa ziada, fadhila. Na fidhuli, mtu mtovu wa adabu, anatoka kwenye mzizi uleule! Fuḍūlī kwa Kiarabu ni mtu wa ziada kwa maana mbaya, anayejitia kwenye yasiyomhusu. Mgeni wako aliyefika ukumbini bila ya hodi ni fidhuli kwa maana zote mbili, ya Kiarabu na ya Kiswahili, na yote angeyaepuka kwa tafadhali moja mlangoni.

Itifaki ni neno la Serikali. Nani akae wapi, nani apokewe na nani, wimbo upigwe lini. Asili yake ni makubaliano, na kweli ndivyo ilivyo: haihitaji haya wala staha, inahitaji ratiba. Usiichanganye na adabu hata kama kamusi ya Kiingereza inaziweka mstari mmoja.

Turudi usoni. Mtu aliyekutwa na jambo la kumvunjia heshima, au aliyelitenda mwenyewe akabainika, tuna maneno yake ya kutosha wala hatuhitaji kuazima weupe. La kwanza ni tahayari, nalo lina kichekesho. Kila mtu hudhani linatokana na haya, na mimi nilikuwa nikidhani hivyo mpaka nilipolitazama kwa Kiarabu. Taḥayyara ni kubabaika, kuduwaa, kutojua uelekee wapi. Mzizi wake hauna nasaba na ḥayā'. Waswahili walilipokea, wakasikia "haya" ndani yake, wakalivuta kidogo kidogo mpaka likawa ni kuona haya. Hata hivyo halikuacha kwao kabisa. Msikilize mtu anayesema "nilitahayari": hasemi tu kuwa aliona haya, anasema aliona haya akakosa la kufanya, mikono hajui aitie wapi. Kubabaika kwa zamani bado kumo.

Aibu ni tofauti. Kwa asili ni kasoro, doa, na kwa hiyo inaweza kumkaa mtu ambaye hana habari nayo. "Ni aibu kwa ukoo," tunasema, na mwenyewe anacheka barabarani. Fedheha ni aibu iliyowekwa hadharani. Neno lenyewe ni kufichua. Na kama unataka neno letu la kale, lisilopanda jahazi, liko soni. Washairi wamelihifadhi, na Wakikuyu wanalo mpaka leo, wao husema thoni. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba pwani haikuwa na haya kabla ya Waarabu. Ilikuwa nayo, kwa jina hilo.

Na kuna kuumbuka. Hili ndilo ningekuomba uliandike ubaoni. Umba ni kuumba, kutia umbo. Umbua, kwa ile -ua ya kutengua inayofanya funga iwe fungua na ziba iwe zibua, ni kumvua mtu umbo. Ukiweka kando ya methali ya wazee, uso umeumbwa na haya, utaona kwa nini mtu aliyefichuliwa tunasema kaumbuka. Lugha inasema amepoteza umbo la uso, wala haikugusa rangi. Kinyume chake ni mkavu wa macho, yule ambaye hana haya wala hana vibaya. Mumbue utakavyo, atakutazama tu.

Bado sijakupa maneno ya kupotewa na rangi, na yapo mengi. Nguo huchujuka: rangi imechujwa na maji, kanga ya juzi imekuwa ya mwaka juzi. Mwandiko hufifia, na taa, na jina la mtu. Kukwajuka kunagusa nguo na watu pia, na kunauma. Ukimwambia mwanamke "mbona umekwajuka?" umemwambia uzuri wake ulikuwepo na umeondoka, kwa hiyo usimwambie. Sawijika, wengine husema sawajika, ni la uso wa binadamu hasa: aliyefiwa, aliyeugua wiki tatu, aliye na mawazo yasiyomuacha usiku. Ndilo lililo karibu zaidi na ulichokuwa ukikitafuta, na waandishi wengi hulitumia hata kwa hofu ya ghafla. Mimi sikio langu halilitaki kwa ghafla. Kusawijika kwangu ni kazi ya siku nyingi, na mashavu yawe yamebonyea kidogo. Ila hapa nasema sikio langu, sisemi sheria, na mwanafunzi akiandika "akasawijika kwa hofu" usimkate alama.

Wagonjwa nao wana lao. Safura ni neno la Kiarabu la rangi ya manjano, ṣafrā', ambalo huko ni pia jina la nyongo. Kwetu limekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa na damu unaoletwa na minyoo. Pemba inaujua vizuri. Watafiti waliowapima wanafunzi wa skuli za huko miaka ya 1990 waliikuta minyoo hiyo kuwa miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa damu kwa watoto, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imeendelea na kazi ya namna hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu ya jambo moja la lugha. Muuguzi akitaka kujua kama mtoto kapungukiwa na damu hamtazami uso. Humfunua kiganja, akakilinganisha na chake. Humvuta kope ya chini akaangalia ndani. Weupe wetu tunauona viganjani na ndani ya macho. Ukiandika kwamba mtoto "viganja vimekuwa vyeupe", kila mama wa Micheweni ataelewa na atashtuka. Ukiandika uso, hataelewa.

Sasa sentensi yako. Siwezi kukuchagulia neno moja, maana hukuniambia mgeni yule ni nani, na hapo ndipo penye kazi yote. Kama ni mdai, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwa simu kwamba yuko Unguja, andika: akabadilika rangi, mate yakamkauka. "Kubadilika rangi" ni Kiswahili safi na hakitaji rangi gani, ndiyo raha yake. Kama mwenye nyumba alikuwa amejifunga kikoi tu, kifua wazi, na mgeni ni mkwewe, basi akatahayari. Kama alikuwa akijigamba mbele ya watu kisha akaingia anayeujua ukweli, akanywea. Kunywea ni kuwa mdogo ghafla, kama puto lililotobolewa, na wanafunzi watalipenda. Kama alikasirika, akakunja uso. Na kama ni mtu wa staha kweli, aliuona ufidhuli wa mgeni akaufunika, akasema "Karibu, karibu, tulikuwa tukikungoja," na hapo anayehitaji kitenzi ni mgeni: uso ukamshuka.

Mimi ningeichagua hii ya mwisho, nikawaachia wanafunzi waulizwe nani kamstahi nani.

Limebaki neno ulilomwita kijana. Mjuvi ni mtoto anayejitia kujua mbele ya wakubwa, na mzizi wake ni kujua huko huko, hakuna hila. Umenambia aliuliza kwa kunyoosha mkono, akaanza na "Mwalimu". Adabu aliishika yote. Kilichopungua ni staha: angeliweza kukungojea nje ya darasa. Lakini angekungojea nje, usingefungua kamusi, na mimi nisingeandikiwa. Kesho mwambie jibu la swali lake ni kwamba mwenye nyumba alijipaka mafuta, mwalimu ndiye aliyekosea neno, kisha mpe yeye chaki aandike sentensi mpya.